Saa Nane Kasoro Dakika Moja

Ziko nchi mbili tatu hapa duniani ambazo wachora ramani walizipita wakiwa na haraka, na Jamhuri ya Subira ni mojawapo. Ukiona inafanana na nchi unayoijua, ni macho yako hayo, kayapimishe.

Jambo la kwanza la kujivunia katika Jamhuri ya Subira ni kwamba, tangu bendera ipandishwe, hakuna kiongozi aliyewahi kuchelewa. Hata mmoja. Siri yenyewe imo kwenye Katiba, ibara ya nne, maneno matatu tu: "Saa hufuata mamlaka." Tafsiri yake ni nyepesi. Ikitangazwa kwamba Waziri atafungua kisima saa nne asubuhi, basi saa nne haifiki mpaka Waziri ashuke garini. Akishuka jua linazama, ndiyo kwanza saa nne hiyo inagonga, na wananchi huulizana habari za asubuhi huku popo wakiwapita utosini.

Kazi ya kuizuia saa isimtangulie mkubwa ilikuwa ya mtu mmoja, mrefu, mpole, wa miaka hamsini na mitatu, jina lake Chambuso, cheo chake Mshika Mishale Mkuu wa Taifa. Ofisi yake ilikuwa juu ya Mnara wa Saa, ngazi mia moja na nne. Inapobaki dakika moja shughuli ianze, na msafara haujaonekana, Chambuso alitoa mkono nje kwenye kidirisha kilichotobolewa katikati ya uso wa saa, akaukamata ule mshale mrefu, akaushikilia. Basi, hiyo ndiyo kazi. Redio ya Taifa ilisoma saa kwenye mnara, ofisi na shule zikasoma kwenye redio. Akishika Chambuso, nchi nzima imeshikwa.

Siku ya kufungua Daraja la Mshikamano alishika dakika moja kwa siku tatu, usiku na mchana. Katika dakika ile moja kuku walitaga mara tatu, na mwanamke mmoja alitoka sokoni, akashikwa na uchungu, akajifungua, akaamkiwa na majirani wote, na dakika bado ni ileile. Mzee mmoja aliyenyoosha kidole akasema "mbona jua linatua?" alifikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kumchelewesha kiongozi kwa mdomo. Na kwa kuwa saa zilikuwa zimeshachanganyika, hukumu yake ilisomwa siku moja kabla hajakosa.

Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo ilifanya mkono wa kulia wa Chambuso uwe mrefu kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole vinne. Hakulalamika. Aliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba wakati ni kitu ambacho yeye hukiachia, na asipokiachia hakipo.

*

Mtu mmoja tu alimtia wasiwasi katika imani hiyo, naye ndiye aliyempenda.

Bi Sikudhani alikuwa mjane wa Mtaa wa Mikokoteni, mwoka mikate, mwenye mikono ya unga na ulimi usio na kizuizi. Yeye na serikali hawakuwahi kupatana kuhusu saa. "Mkate haumjui Waziri," alisema. "Ukishaiva umeiva. Nikingoja redio iniambie nusu saa imepita, nitawauzia watu mkaa."

Chambuso alikuwa amemtaka kwa miaka sita, na mara mbili alipanga kwenda kuposa. Mara ya kwanza alikwamishwa mnarani na Waziri. Mara ya pili alikwamishwa na Naibu Waziri, ambaye kwa kawaida huchelewa zaidi ili asidharaulike. Mara zote mbili alifika kwa Bi Sikudhani akakuta sahani zimeoshwa, wazee wamelala, mbwa ameamka.

"Lakini nimewahi, Bi Siku," alijitetea mara ya pili. "Tulisema saa kumi. Mnarani sasa hivi ni saa kumi kasorobo."

"Bwana Chambuso, tazama nje. Unaona nini?"

"Naona giza."

"Giza la saa kumi kasorobo?"

"La serikali, ndiyo."

Alifungiwa mlango.

Kisha zikaingia nchini simu za kupangusa. Bi Sikudhani alikuwa wa kwanza mtaani kwake kuwa nayo, na alichokipendea si picha wala nyimbo, ni ile namba ndogo iliyokaa pembeni juu ya kioo. Alimwonyesha Chambuso siku alipokuja kununua mkate.

"Hii inasema saa kumi na moja."

"Haiwezi. Mnara nimeuacha saa nane."

"Inaambiwa na mitambo ya huko juu, angani."

"Na huko angani mishale anaishika nani?"

"Hakuna anayeishika."

"Hakuna mtu?" Chambuso aliweka mkate chini. "Yaani saa inajiendea tu, kama mbuzi asiye na mchungaji?"

"Inajiendea. Na mikate yangu tangu siku hiyo haijaungua hata mmoja."

Chambuso alirudi nyumbani na homa.

*

Serikali nayo ilipata homa, ila ya kwake hutibiwa kwa hotuba. Waziri wa Saa na Kalenda, Mheshimiwa Lukwembe, mtu mnene mwenye udaktari wa heshima kutoka vyuo vinne ambavyo havijajengwa, alizungumza na taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "saa ya angani hatumjui baba yake wala mama yake. Haijawahi kuhudhuria mkutano wa hadhara hata mmoja. Haina cheti cha kuzaliwa. Je, ninyi watu wazima, wenye akili zenu na watoto wenu, mtaamini kitu kinachoning'inia?"

Wananchi walipiga makofi, kisha wakatazama simu zao kuona hotuba imechukua muda gani.

Hatua ya kwanza, kila mwenye simu aliamriwa kuipeleka kwa afisa wa mtaa irudishwe kwenye saa ya taifa. Foleni zikapangwa. Afisa aliirekebisha simu mbele ya mwenyewe na kumrudishia kwa mikono miwili. Mwenyewe hakuwa amevuka barabara, simu imeshajirudisha kule kule kwenye saa ya angani. Wengine walirudi foleni mara saba kwa siku kwa uzalendo tu. Afisa mmoja aliandika kwenye ripoti: "Simu hizi hazina ukaidi wa kelele. Zina ule ukaidi wa kimya wa mke aliyeamua."

Hatua ya pili ikawa stika. Kila simu ilibandikwa stika ya serikali juu ya ile pembe yenye saa, na kwenye stika kulikuwa na uso wa Mheshimiwa Lukwembe akitabasamu. Haikupita wiki watu wakajua kuinyanyua kwa ukucha na kuirudisha bila kuichana. Mitaani ukazuka usemi mpya. Mtu akitaka kujua saa alimwuliza jirani yake taratibu, "Hebu nichungulie mgongoni kwa Waziri." Jirani akachungulia. "Mgongoni saa tisa. Usoni bado saa tano."

Hatua ya tatu ilimwangukia Chambuso mwenyewe. Mkurugenzi wake, Bwana Nyendo, mtu wa kukubali kabla hujamaliza kusema, alimpandia mnarani akihema, akampa simu ya ofisi.

"Chambuso, tunapambana na teknolojia kwa teknolojia. Kila dakika, wewe utawatumia wananchi wote ujumbe wa saa sahihi."

"Kila dakika, Mkurugenzi?"

"Isipokuwa dakika zinazoshikwa. Hizo utawatumia ileile."

Basi Chambuso akawa mkono mmoja umeshika mshale, kidole gumba cha mkono wa pili kinaandika: "Sasa ni saa tatu na dakika hamsini na tisa. Endelea kusubiri." Dakika ikipita ambayo haikupita, anaandika tena: "Sasa ni saa tatu na dakika hamsini na tisa. Endelea kusubiri." Mpaka kidole kikavimba kama kitumbua. Na ujumbe wa kwanza aliojibiwa na mwananchi ulikuwa wa Bi Sikudhani: "Pole na kidole."

Maneno matatu tu. Chambuso aliyasoma ngazi zote mia moja na nne wakati wa kushuka.

*

Alimwendea kesho yake, akamwambia kwa mara ya tatu kwamba angependa kuleta posa.

Bi Sikudhani alifuta unga mikononi. "Nisikilize, Bwana Chambuso. Mara ya kwanza nilimngoja Waziri, mara ya pili nikamngoja Naibu wake. Nikikukubali hivi hivi nitakuwa nimeolewa na Baraza zima la Mawaziri. Kaka yangu Ngwali yuko mjini Jumamosi. Basi lake linaondoka saa kumi na moja, na dereva anafuata simu. Njoo saa kumi. Saa kumi ya simu, si ya mkono wako. Na uje mwenyewe. Desturi ni kutuma wazee, najua, lakini wazee hawajanichelewesha. Ukipita saa kumi usirudi tena, hata kununua mkate."

"Hata mkate?"

"Hata wa jana."

Jumamosi hiyo, bahati mbaya ya watu wapole, ilikuwa pia Siku ya Taifa ya Kuwahi. Mheshimiwa Lukwembe angeizindua saa nane mchana kwenye uwanja chini ya mnara, kwa kukata utepe na kuhutubia. Chambuso alipiga hesabu. Kutoka saa nane mpaka saa kumi ni masaa mawili. Hata Waziri hawezi kuchelewa masaa mawili kwenye sherehe ya kuwahi. Akavaa kanzu yake nyeupe kabisa tangu asubuhi, akapanda mnarani nayo, akiishika pindo isiguse vumbi. Mjomba wake Feruzi alikubali kumtangulia kwa kina Sikudhani na kumngojea barazani.

Saa nane kasoro dakika moja, barabara ya Waziri ilikuwa nyeupe. Chambuso akatoa mkono, akashika.

Uwanjani kulikuwa na kwaya ya shule, bendi ya polisi, viti vya plastiki vya wananchi, na kiti kimoja cha kifahari chenye shada la maua. Mshereheshaji, bwana mmoja mwenye sauti ya kupakwa mafuta, aliwaambia watu, "Mgeni rasmi yuko njiani!" Kwaya ikaimba nyimbo zake zote. Ikazirudia. Ikaanza kuziimba kutoka mwisho kwenda mwanzo. Vivuli vya watu vikarefuka, na bado ilikuwa saa nane kasoro dakika moja.

Chambuso alinyanyua stika ya simu ya ofisi kwa ukucha. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kuchungulia mgongoni kwa Waziri. Saa tisa na dakika thelathini na sita.

Akampigia Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, mkubwa yuko wapi?"

"Yuko kwa wakwe zake, anakula. Wamechinja. Huko ni saa ngapi?"

"Saa nane kasoro dakika moja."

"Vizuri sana. Na huku pia. Tulia, kijana wangu."

"Atamaliza lini?"

"Chambuso!" Bwana Nyendo aliteremsha sauti. "Ndiyo kwanza wameleta pilau. Unataka nimwambie Mheshimiwa ateme?"

Simu ikakatwa. Papo hapo ikaita tena. Bi Sikudhani.

"Bwana Chambuso, mjomba wako amefika, anasifia mapazia yangu kwa mara ya nne. Wewe uko wapi?"

"Nimeshika, Bi Siku."

Bi Sikudhani akasema, bila ukali, na kutokuwa na ukali kwenyewe ndiko kulikomchoma: "Basi shika. Mtu asiache anachokipenda." Akakata.

Chambuso alitazama mkono wake mrefu ulioshika kile chuma. Akatazama barabara. Akatazama tena ile namba pembeni ya kioo: ilikuwa imesogea, saa tisa na dakika thelathini na tisa, imesogea yenyewe na hakuna mtu aliyekufa. Chini yake kwaya ilikuwa imefika kwenye wimbo wa Taifa, ikiuimba kinyumenyume.

Akaachia.

Mshale ulisita kidogo, kama mtumishi asiyeamini kwamba ametumwa. Halafu ukatikisika, ukaanza kwenda. Chambuso alikusanya pindo za kanzu akashuka ngazi tatu tatu. Alikuwa katikati ya mnara kengele ilipogonga juu ya kichwa chake: saa nane kamili.

*

Uwanjani kila mtu alisimama. Kwa mujibu wa Katiba, ibara ya nne, saa nane haiwezi kufika kabla ya Waziri. Saa nane imefika. Kwa hiyo Waziri amefika. Mshereheshaji alikitazama kiti kitupu, akaitazama saa, akatazama askari waliokuwa wanamtazama yeye, naye alikuwa na watoto wanaomtegemea.

"Mgeni rasmi," akapaza sauti, "amewasili!"

Bendi ikalia. Kwaya ikakiimbia kiti. Msichana mdogo alikipelekea maua, akapiga goti. Utepe ulikatwa na mkasi ulioshikwa na mshereheshaji kwa niaba ya mkono usioonekana. Hotuba, ambayo ilikuwa imechapwa tangu wiki iliyopita, ilisomwa yote, na watu walikiri baadaye kwamba Mheshimiwa hajawahi kuhutubia vizuri hivyo, maana safari hii hakutoka nje ya karatasi. Simu mia tatu zilinyanyuliwa, zikapiga picha kiti chenye shada kikipigiwa saluti, na kabla makofi hayajaisha picha zilikuwa zimeshavuka mpaka wa nchi bila kuonyesha pasipoti.

Chambuso alikimbia. Alipita kwa muuza mafuta ya taa, redio ya dukani ikisema, "Mheshimiwa amewasili kwa wakati, kama ilivyo ada yake." Alipita kwa kinyozi, redio ikisema, "Mheshimiwa anang'aa leo, amepungua mwili." Kinyozi alitoka nje na wembe mkononi akamwita, "Bwana Mishale! Unakimbia nini na saa ni zako mwenyewe?"

"Si zangu!" akajibu Chambuso bila kusimama. "Nimeziacha!"

Alimruka bata. Alipasua kanzu kwenye mwiba wa ua wa jirani. Aliingia barazani kwa Bi Sikudhani kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akaangukia jamvi mbele ya wazee.

Ngwali, kaka mtu, mzito wa mwili na wa maneno, alitoa simu mfukoni. Stika alikuwa ameshaibandua zamani. Akaisoma, akampa mjomba Feruzi naye aisome.

"Saa kumi kasoro dakika mbili," akasema mjomba. "Chambuso, mwanangu, umewahi. Katika ukoo wetu wewe ni wa kwanza."

Hodi zikapigwa, maneno ya posa yakasemwa, mjomba akasifia mapazia mara ya mwisho kisha akasifia na ukoo. Ngwali akauliza kama ilivyo desturi, "Na huyu kijana kazi yake nini?"

"Nilikuwa nashika saa," akasema Chambuso.

"Na sasa?"

"Sasa nina mkono mmoja mrefu, shemeji. Nadhani unafika mwisho wa tanuri."

Nyuma ya pazia kikasikika kicheko, kikazibwa haraka.

Hapo ndipo simu ya ofisi ilipolia. Sauti ya Bwana Nyendo ilisikika baraza nzima.

"Chambuso! Balaa! Mheshimiwa amefika uwanjani, askari wamemzuia mlangoni! Wanasema Mheshimiwa ameshakuja, ameshahutubia na ameshaondoka, na huyu ni tapeli anayefanana naye! Amewaonyesha kitambulisho, wamemwambia hicho ndicho walichotarajia kwa tapeli! Rudi upesi, uurudishe mshale, tuanze tena saa nane!"

Wazee wote walimtazama Chambuso. Pazia nalo lilimtazama.

"Siwezi, Mkurugenzi," akasema. "Nami niko hapa namngoja mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi gani mkubwa kuliko Waziri?"

"Hajatoka bado. Yuko nyuma ya pazia."

Akaizima simu, akaiweka chini kifudifudi.

Bikira akiposwa, kimya chake kinatosha. Mjane sharti atamke mwenyewe. Kwa hiyo Ngwali aligeukia pazia. "Dada, umesikia. Unasemaje?"

"Nimesikia," ikajibu sauti ya Bi Sikudhani. "Mimi nimemngoja miaka sita. Na yeye aningoje dakika moja."

Ngwali akaiweka simu yake juu ya jamvi, katikati ya watu. Wote wakainama kuitazama. Chambuso naye alitazama, mikono yote miwili ikiwa juu ya magoti, ule mrefu na ule mfupi. Katika maisha yake alikuwa ameshika dakika za Mawaziri, za Manaibu, na moja ya Balozi iliyodumu Kwaresima nzima. Lakini dakika ya kungoja tu, bila kuigusa, hakuwahi kukaa nayo. Aliisikia inavyopita. Ilikuwa ndefu kuliko zote. Jasho lilimtiririka. Kuku alilia, nguo zikapepea kambani, mjomba akameza mate.

Namba ikageuka.

"Haya," akasema Bi Sikudhani, na pazia likasogea. "Nimekubali. Mpeni maji huyo, kabla hajazimia akanichelewesha tena."